Pima galaksi, na mapengo pia

Upanukaji wa ulimwengu hupimwa kwa rula. Ulimwengu ulipokuwa mchanga na moto, mawimbi ya sauti yalisafiri ndani ya gesi yake, kisha yakaganda. Ndiyo maana hadi leo jozi za galaksi zilizo mbalimbali kwa takriban miaka ya nuru milioni 490 zimezidi kidogo; umbali huo ndio rula yetu. Ziada hiyo ni kama asilimia 1 tu. Bila mamilioni ya galaksi huioni.

DESI, mradi wa kuchora ramani ya galaksi, huzikusanya kwa darubini ya Mayall ya mita 4, Kitt Peak, Arizona, kwenye ardhi ya Watohono O'odham. Faiba 5,000, yaani nyuzi za kupitisha mwanga, kila moja na kipenyo cha maikromita 107, huelekezwa na roboti ndogo, galaksi moja kwa faiba moja. Mwanga huingia kwenye spektrografu 10, vyombo vinavyoutawanya kwa urefu wa wimbi.

Tunachokitafuta hasa ni mistari pacha ya oksijeni, nanomita 372.71 na 372.99. Ikionekana kwenye 745.42 na 745.98, urefu wa wimbi umeongezeka maradufu: tangu mwanga huo uondoke, ulimwengu umetanuka mara mbili. Upacha huo ni muhimu sana, kwa sababu anga letu lenyewe hung'aa eneo hilo la spektra, na mstari mmoja pekee hudanganya kirahisi.

Kosa kubwa zaidi hutokea mahali pengine. Roboti hufika milimita 6 tu kutoka kituo chake, kwa hiyo galaksi zikisongamana, nyingine hukosa faiba, na penye msongamano huonekana kama pana nafasi. Dawa ni kurudia eneo lile lile mara kadhaa, kisha kuzipa uzito galaksi zilizopimwa ili zibebe na za jirani. Vumbi la Njia Nyeupe, galaksi yetu, nalo huficha galaksi hafifu. Kwa hiyo hutengenezwa katalogi ya vitone vya kubahatisha vyenye mapengo yale yale, na jozi za galaksi hulinganishwa na jozi za vitone hivyo. Katalogi hiyo ikikosewa, galaksi milioni za ziada hazitakuokoa.

Machi 2025, kwa galaksi na kwasa (viini ang'avu vya galaksi za mbali) zaidi ya milioni 14, DESI ilionyesha dalili kwamba nishati giza, ile inayoharakisha upanukaji, inadhoofika: sigma 2.8 hadi 4.2 (sigma zikiwa nyingi, ni vigumu zaidi iwe bahati tu), kutegemea ni mkusanyiko upi wa vipimo vya supanova, yaani nyota zinazolipuka, uliounganishwa na data ya DESI. Kwangu mimi, tofauti hiyo kati ya mikusanyiko ndiyo ya kuchunguzwa kwanza, kuanzia supanova za karibu, zilizopimwa kwa darubini nyingi zisizofanana.