Watani wa Jadi Kwenye Mpaka wa Toledo

Kazi yangu ni kupima ardhi. Nilianza na viwanja vya Tanga, nikaishia Toledo, Marekani, mji wa jimbo la Ohio uliojibana kabisa ukingoni mwa mpaka na jimbo la Michigan. Siku ya tatu kazini nilivaa koti la bluu lenye kola ya njano. Nilikuwa nimelinunua kwenye duka la mitumba kwa sababu moja tu, baridi. Mzee mmoja tunayefanya naye kazi alisimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa, akanikagua kuanzia kichwani hadi viatuni, kisha akauliza ni nani aliyenituma. Sikumwelewa. Mchana nilikuta koti langu limezungushiwa ule utepe mwekundu tunaofungia alama porini, fundo juu ya fundo.

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza. Bluu na njano ya mahindi ni rangi za Chuo Kikuu cha Michigan, kilichopo Ann Arbor, kama kilomita 80 kaskazini yetu. Nyekundu na kijivu ni za Ohio State, chuo kikuu cha Columbus, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa gari kuelekea kusini, ambacho timu yake ya futiboli ya Kimarekani haipatani na ile ya Michigan. Toledo ipo katikati kama mtoto wa wazazi walioachana: kila upande unadai ndio uliomlea.

Mdogo wangu, ambaye ni Yanga hadi kwenye mifupa, aliponipigia simu nilimsimulia. "Kaka, yaani hao ni wanafunzi wa chuo, na uwanja unajaa?" Nikamwambia uwanja wa Michigan unachukua watu 107,601 na ule wa Ohio State 102,780. Akanyamaza. Watu wa nyumbani hili huwatatiza kila mara, kwa hiyo nilieleze kidogo. Futiboli ya Kimarekani ilikulia vyuoni. Ligi kubwa ya kulipwa ilianzishwa mwaka 1920, wakati Ohio State na Michigan walikuwa wameshakutana mara ya kwanza tangu 1897. Fundi bomba ambaye hajawahi kukanyaga darasa la chuo hicho huikuta timu kwa baba yake, aliyeikuta kwa baba yake. Columbus yenyewe haina timu ya ligi ya kulipwa ya mchezo huo. Chuo ndicho timu ya mji na ya jimbo zima.

Nilipotafuta neno la kumweleza mdogo wangu uhusiano wa timu hizi mbili, "upinzani" halikutosha. Wapinzani wanapingana, basi. Neno linalokaa sawa ni lile ambalo magazeti yetu yamelitumia miaka yote kwa Simba na Yanga: watani wa jadi. Mtani anakutukana mbele za watu, na siku ya msiba ndiye anayeruhusiwa kumwigiza marehemu. Nitaurudia msiba baadaye. Kwanza mpaka, maana hapo ndipo kwenye kazi yangu.

Mwaka 1787 Bunge la Marekani liliweka utaratibu wa kugawa majimbo ya eneo hili, likataja mstari unaokwenda moja kwa moja mashariki kutoka ncha ya kusini ya Ziwa Michigan. Kwenye karatasi ni maneno mazuri. Shida ni kwamba ramani zilizotumika enzi zile ziliichora ncha hiyo kaskazini mno kuliko ilivyo. Kwa ramani hizo, mdomo wa mto Maumee, ilipo Toledo leo, ulionekana upo ndani ya Ohio bila mjadala. Kwa ardhi yenyewe, ulikuwa nje. Watu wa Ohio walishaanza kunusa hatari, ndiyo maana katiba yao ya mwaka 1802 ikaongeza sharti kwamba mstari ukikosea, uinamishwe ufike kaskazini ya ghuba ya Maumee.

Wakaja wapimaji. Mwaka 1817 William Harris alipima mstari kama Ohio ilivyotaka. Mwaka uliofuata John Fulton akapima kama sheria ya 1787 ilivyosema, na Michigan wakaushika huo. Nasema kama fundi: wote wawili walifanya kazi waliyotumwa. Ugomvi ulikuwa katika maelekezo, yaani katika kujua kigingi cha kwanza kinakaa wapi. Kati ya mistari yao ikabaki kanda ya maili za mraba 468, na kila upande una ramani yake ya halali.

Mwaka 1835 wakakaribia kupigana kweli. Aprili 26, wanamgambo wa Michigan waliwavamia wapimaji wa Ohio waliokuwa wakirudia kuweka alama, wakafyatua risasi na kuwakamata watu tisa. Wapimaji! Kila nikisoma habari hiyo naangalia nyuma yangu. Damu iliyomwagika katika vita vyote ilikuwa ya askari mmoja wa Michigan, naibu sherifu, aliyechomwa kisu kidogo alipokwenda Toledo kukamata watu. Akapona. Aliyemchoma aliitwa Two Stickney, yaani Mbili, na kaka yake aliitwa One. Mzazi alihesabu watoto badala ya kuwapa majina.

Mwisho serikali kuu ya Washington ikakata shauri. Ohio ikapewa Toledo, na Michigan ikatulizwa kwa rasi ya mbali kaskazini iliyoonekana ni pori tupu la theluji, kisha ikakubaliwa kuwa jimbo Januari 1837. Baadaye pori lile likatoa shaba na chuma kwa wingi. Mpaka leo ukitaka kumchokoza mtu wa Ohio mwambie alichukua mji, wenzake wakachukua madini. Mwaka 1915 mstari ulipimwa upya na kuwekewa nguzo za mawe, na magavana wa pande zote wakapeana mikono mpakani. Hata hivyo sehemu ya majini, ndani ya Ziwa Erie, haikuisha hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua mwaka 1973, na kisiwa kidogo cha Turtle kikakatwa vipande viwili.

Siwezi kusema ugomvi wa mpaka ndio uliozaa ugomvi wa mpira. Kati yake ni miaka sitini na kitu. Lakini mashabiki wa hapa huusimulia kama mwanzo wa mambo yote, na nadhani nimeanza kuelewa kwa nini: wameurithi ugomvi ambao asili yake ni mahali pa kuweka kigingi, na mchezo wenyewe ni wa vigingi.

Ndugu msomaji usiyeujua mchezo huu, timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kuusogeza yadi 10. Ikifaulu inapewa manne mapya, ikishindwa inatoa mpira. Zikiwa zimebaki inchi chache za ubishi, huletwa mnyororo wa yadi 10 wenye fito mbili, watu wanaunyoosha, uwanja mzima unashika pumzi. Wapimaji wa kale, wa enzi za akina Harris, nao walivuta mnyororo, ule wa Gunter wenye futi 66 na viungo 100. Nilipoona mnyororo ukiletwa uwanjani mara ya kwanza nilisimama peke yangu sebuleni nikapiga makofi.

Novemba 26, 2016, Columbus. Muda wa nyongeza, awamu ya pili. Michigan wanaongoza 27 kwa 24. Ohio State wana jaribio la nne, wanahitaji yadi moja. Kwotabeki wao, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, J.T. Barrett anakimbilia kushoto, anagongwa, anaangukia pale pale kwenye mstari. Waamuzi wanasema amefika. Video inarudiwa, uamuzi unabaki. Jaribio linalofuata, mwenzake Curtis Samuel anapasua na mpira hadi mwisho wa uwanja na Ohio State wanashinda 30 kwa 27. Mke wa yule mzee wa kazini, Michigan damu, bado ana picha iliyosimamishwa kwenye simu yake. Atakuonyesha kabla hujakaribishwa chai.

Nimeombwa mara nyingi kutoa hukumu "kama mtaalamu". Jibu langu huwaudhi wote. Mnyororo hausemi uongo, na video ina pembe zake. Tatizo ni kwamba mpira wenyewe huwekwa chini na mwamuzi kwa jicho, katikati ya lundo la miili, halafu kila kitu hupimwa kutoka hapo hadi kwenye nukta ya mwisho. Ukianza na bikoni, yaani alama ya mpaka, ya kukisia, hesabu zako zote zitakuwa safi na kiwanja kitakuwa cha jirani. Ni Harris na Fulton tena, safari hii mbele ya watu laki moja.

Kuna mwaka hata mistari haikuonekana. Novemba 1950 tufani ya theluji iliifunika Columbus, watu wakaifagia mistari ya uwanja kwa mifagio ili waamuzi wajue walipo. Timu zote zikawa zinapiga mpira mbele kwa teke ili kuuondoa kwao, jumla mara 45. Michigan hawakupata yadi 10 za kuwapa majaribio mapya hata mara moja, na bado walishinda 9 kwa 3, kwa sababu mateke ya wenzao yalizuiwa karibu na goli. Kocha wa Ohio State akaondoka, nafasi yake ikachukuliwa na Woody Hayes.

Na hapa ndipo utani unapokuwa wa damu. Hayes alikuwa amewahi kumfundisha mchezaji aliyeitwa Bo Schembechler, mzaliwa wa Barberton, Ohio, kisha akamfanya msaidizi wake Columbus. Mwaka 1969 Bo akavuka mpaka kuwa kocha wa Michigan. Ohio State walikuwa mabingwa, wameshinda mechi 22 mfululizo, na mwaka mmoja nyuma walikuwa wamewapiga Michigan 50 kwa 14. Bo akamfunga mwalimu wake 24 kwa 12. Wakapambana miaka kumi: Bo alishinda mara tano, Hayes nne, na moja ikawa sare. Sare hiyo, 10 kwa 10, ilikuwa mwaka 1973, mwaka ule ule mahakama ilipomaliza ubishi wa ziwa. Safari ya kwenda kwenye mechi kubwa ya Rose Bowl ikaamuliwa kwa kura za wakuu wa michezo wa vyuo vya ligi yao, na wakawachagua Ohio State. Wazee wa Michigan bado hawajaikubali kura hiyo.

Ukichunguza, kila upande umejaa watu wa upande wa pili. Desmond Howard na Charles Woodson, waliotwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, wakiwa Michigan mwaka 1991 na 1997, wote ni vijana wa Ohio. Jim Harbaugh, aliyekuwa kocha wa Michigan kuanzia 2015 hadi 2023, alizaliwa hapa Toledo Desemba 1963. Urban Meyer, aliyeiongoza Ohio State kuwafunga Michigan mara saba bila kupoteza, alizaliwa hapa hapa Toledo Julai 1964. Mji uliogombewa kwa bunduki ukawazalia makocha wote wawili.

Sasa msiba. Hayes alifariki Machi 1987, na katika siku zake za mwisho alijikokota hadi Dayton kumtambulisha Bo kwenye chakula cha jioni. Bo naye alifariki Novemba 17, 2006. Kesho yake Ohio State, nambari moja nchini, walikuwa wenyeji wa Michigan, nambari mbili. Uwanja wa Columbus, ambao wiki nzima hukwepa hata kulitamka jina la Michigan, ulinyamaza kwa heshima yake. Kisha wakawafunga Michigan 42 kwa 39. Mtani wa kweli hasahau lipi ni la kaburini na lipi la mezani.

Ndiyo maana Novemba 2024 iliniuma. Michigan, ambao karibu hakuna aliyewapa nafasi, walishinda 13 kwa 10 palepale Columbus, wakajaribu kusimika bendera yao katikati ya uwanja. Vijana wakarukiana, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Mzee alizima televisheni kabla sijamaliza sahani yangu. Ajabu ni kwamba Ohio State ile ile, kwa mfumo mpya wa mtoano wa timu 12, ilichukua ubingwa wa nchi Januari 2025. Zamani kufungwa na mtani mwishoni mwa msimu kulikuwa kaburi. Wapo wanaosema utamu umeisha, mechi imekuwa moja kati ya nyingi. Mimi sikubali. Nilimuuliza mzee: ungetoa kombe lile upate ushindi wa Novemba? Aliangalia nje muda mrefu. Akaniambia nimuulize tena siku ambayo mke wake hayupo.

Mwaka 2025 Ohio State walikwenda Ann Arbor kwenye theluji wakashinda 27 kwa 9, wakakata mkosi wa kufungwa miaka minne mfululizo. Jumatatu asubuhi nilifungua gari la kazi nikakuta miguu mitatu ya kifaa changu cha kupimia imefungwa utepe mwekundu, fundo juu ya fundo. Nilichukua dakika ishirini kuufungua. Nilikuwa nimevaa lile koti.