Kura huharibikia kwenye fomu

Ukiniuliza vyama vingi vimekwama wapi Tanzania, sikupeleki kwenye sanduku la kura. Nakupeleka Barabara ya Dodoma hapa Arusha, ilipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kufuli tatu za chama tawala zimepimwa pale, na zote zimeonekana kukiuka Mkataba wa Afrika.

Nzito kuliko zote ni marufuku ya mgombea binafsi, yaani asiye na chama. Mchungaji Mtikila alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994 na 2006, Mahakama ya Rufani ikamnyima 2010, Mahakama ya Arusha ikampa haki Juni 2013. Wengi huiona kama kesi ya wasio na chama. Hapana, inamgusa zaidi aliye ndani: Katiba inasema mbunge akipoteza uanachama, na kiti kimeondoka. Ndiyo maana wabunge wa CCM wanaonung'unika korido hawanung'uniki bungeni. Na aliyekatwa jina na chama chake lazima atafute chama kingine cha kumbeba, kama Lowassa wa Monduli mwaka 2015, aliyepata karibu asilimia 40 ya kura za urais kupitia Chadema.

Kufuli ya pili ni ibara ya 41(7) ya Katiba, inayozuia matokeo ya urais kuhojiwa mahakamani. Hukumu yake ni ya Julai 2020.

Ya tatu, hadi sheria ya uchaguzi ya 2024, ilikuwa msimamizi wa uchaguzi kuwa moja kwa moja mkurugenzi wa halmashauri, mteule wa Rais ambaye pia ni mwenyekiti wa chama tawala. Hukumu ilitoka Juni 2023. Msimamizi ndiye anayepokea fomu za wagombea na kuamua pingamizi. Fomu ya ubunge inataka wadhamini wasiopungua 25, wapigakura wa jimbo hilohilo, na mtu haruhusiwi kudhamini wagombea wawili. Anayepeleka 25 kamili anajitafutia balaa: mmoja akipingwa, kwisha. Beba wa ziada, linganisha kila jina na namba na kadi ya mpigakura, rudisha asubuhi. Ukifika jioni, muda wa kusahihisha umekwisha.

Kufungua mbili za kwanza kunahitaji kubadili Katiba kwa theluthi mbili ya wabunge wote. Mlango wa Arusha nao umefinywa: Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililoruhusu raia na asasi kuishtaki moja kwa moja. Zimebaki hukumu, na wabunge ambao wakiziunga mkono chama kikachukia, kadi yao ya uanachama ndiyo kiti chao.