USB-C: Yanayosemwa na Yalivyo

Vipimo rasmi vya USB-C, tundu dogo la kuunganishia na kuchajia vifaa, vilitolewa Agosti 2014. Leo kompyuta nyingi mpya, hasa zile nyembamba, zina matundu hayo madogo tu, ilhali flashi, printa na kibodi zinazoendelea kutumika zina ncha pana ya zamani. Kipindi hiki cha mguu huku, mguu kule kimezaa maneno mengi yasiyo kweli, na mengine huwagharimu watu fedha.

“Kebo ni kebo, mradi ncha iingie.”

Hii ndiyo dhana inayosumbua kuliko zote. USB-C ni jina la umbo. Halikuambii data itapita kwa kasi gani, kebo inabeba umeme kiasi gani, wala kama picha itafika kwenye skrini. Tundu kamili lina nafasi za pini 24, lakini mtengenezaji anaruhusiwa kuuza kebo yenye nyaya za umeme na za USB 2.0 peke yake. Kasi yake ni megabiti 480 kwa sekunde, ileile iliyowekwa mwaka 2000. Kebo nyingine ya USB4, toleo jipya zaidi, yenye ncha zilezile, hupitisha gigabiti 40. Ukiziweka mezani pamoja, macho hayatakusaidia.

Matundu nayo yana mambo hayohayo. Simu za iPhone 15 za mwaka 2023 zote zina USB-C, lakini zile za kawaida zimeishia kasi ya USB 2.0, na za Pro hufika gigabiti 10. Kwa hesabu ya makaratasi (gigabaiti moja ni gigabiti nane), video za gigabaiti 100 zingehama kwa sekunde 80 kwenye Pro, na kwa karibu nusu saa kwenye ya kawaida. Hata mwenye Pro hapati kasi hiyo kwa kebo anayoikuta ndani ya boksi, kwa kuwa nayo ni ya USB 2.0.

Kwenye umeme, kebo ya kawaida ya C kwa C hubeba ampea 3, yaani wati 60 ikiwa ni volti 20. Kupita hapo, lazima kebo iwe na chipu inayojitambulisha kwa chaja. Kwa hiyo mtu aliyenunua chaja ya wati 100, na laptopu yake bado inajaa polepole, aanze kuishuku kebo.

Waliosimamia majina ya matoleo ya USB hawakutusaidia hata kidogo. USB 3.0 iliitwa baadaye USB 3.1 Gen 1, kisha USB 3.2 Gen 1, na muda wote huo kasi ilibaki gigabiti 5 zilezile. Baadaye ndipo walipoanza kuhimiza nembo zinazotaja gigabiti na wati waziwazi. Kebo yenye namba hizo ndiyo ya kununua.

“Ukihamia USB-C, vifaa vya zamani ni vya kutupa.”

Waliobuni ncha hii waliziacha nyaya za USB 2.0 kwenye pini zake maalumu. Ndiyo maana kipanya cha miaka ya tisini mwishoni, kikichomekwa kupitia adapta ndogo yenye tundu pana upande mmoja na ncha ya C upande wa pili, kwa kawaida hufanya kazi bila programu ya ziada. Flashi ya USB 2.0 itasomeka pia, ila usitarajie iongeze kasi kwa sababu tu imeingia kwenye tundu jipya.

Adapta ya kinyume, yenye tundu la C na ncha pana, inauzwa kila mahali ingawa vipimo rasmi haviiruhusu. Sababu ni kwamba humwezesha mtu kuunganisha vifaa viwili ambavyo vyote vinatoa umeme.

“Chaja ya USB-C huchaji chochote chenye tundu la USB-C.”

Chaja ya zamani yenye tundu pana hutoa volti 5 muda wote. Ya C kwa C husubiri kwanza ihisi resista (kipande kidogo kinachobana mkondo wa umeme) ya omu 5,100 ndani ya kifaa, na isipoihisi haitoi kitu. Baadhi ya watengenezaji wa tochi na spika za bei nafuu wameiacha resista hiyo ili kubana gharama. Mtu huchomeka, haoni taa, akaamua kifaa kimekufa. Akirudia kwa chaja ya zamani na kebo yenye ncha pana upande mmoja, kinajaa vizuri. Mabingwa nao wamejikwaa hapa: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 ilipotoka mwaka 2019, resista zake zilikuwa zimeunganishwa vibaya, na baadhi ya kebo zenye chipu hazikuweza kuiwasha. Chaja yako ya zamani, basi, bado ina kazi.

“Chaja yenye wati nyingi itaunguza simu.”

La. Chaja inayofuata vipimo huanza na volti 5, na haipandishi mpaka kifaa kiombe. Hatari iko kwenye kebo mbovu, hasa zinazotoka ncha pana kwenda C. Hizo zinatakiwa ziwe na resista ya omu 56,000. Ikiwekwa ya omu 10,000, simu hudanganywa kwamba kuna ampea 3, ikaanza kuzivuta kwenye tundu la zamani lisilo na uwezo huo. Benson Leung, mhandisi wa Google, alianza kuzipima kebo za aina hiyo mwaka 2015 na kutangaza zilizo mbovu. Mwaka uliofuata, kebo moja iliyofungwa nyaya kinyume ilimharibia kompyuta yake.

“Ulaya imepiga marufuku matundu mengine.”

Sheria ya Umoja wa Ulaya inahusu kuchaji kwa waya tu: simu, tableti, kamera na vifaa kadhaa vinavyoingia sokoni huko kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na laptopu kuanzia tarehe 28 Aprili 2026. HDMI, tundu la kupeleka picha kwenye skrini, haikuguswa, wala tundu pana la USB. Anayeuza laptopu anaweza hata kubaki na tundu lake mwenyewe la kuchajia, mradi la USB-C liwepo. Apple walipotoa MacBook Pro ya 2016 yenye USB-C pekee, ukiacha tundu la spika za masikioni, hakuna sheria iliyowalazimisha. Na mwaka 2021 wakairudisha HDMI na nafasi ya kadi ya kamera.