Kopo la unga na kiti cha plastiki

Hivi karibuni niliingia nyumba moja kule Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, kumwona mama aliyepatwa na kiharusi wiki tano zilizopita. Mezani watoto wake walikuwa wamepanga makopo matatu ya unga wa protini, vitamini za kila rangi na siropo ya kuongeza damu. Mama mwenyewe alikuwa amelala, blanketi hadi kidevuni. Nilipompima mapaja kwa mita ya fundi wa nguo, la kulia, upande uliopooza, lilikuwa jembamba kuliko la kushoto kwa sentimita tatu.

"Kine, tumenunua kila kitu," kijana wake mkubwa aliniambia. Kine ndilo jina letu hapa Bukavu, sisi tunaofanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kukopa.

Nyama ya mwili haijengwi na kopo. Hujengwa msuli unapofanya kazi ukakuta chakula kipo tayari. Kimoja kikikosekana, kingine hakifiki mbali. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani siku 10 wazee 12 wenye afya, wakila chakula kilichopimwa. Miguu yao ilipoteza karibu kilo moja ya nyama. Hao hawakuwa na ugonjwa wowote.

Kuhusu virutubishi vya kuongeza, utafiti mkubwa uitwao FOOD, uliochapishwa mwaka 2005, ulifuata wagonjwa 4,023 wa kiharusi walioweza kumeza. Kuwaongezea wote virutubishi juu ya chakula cha hospitali hakukuleta tofauti ya maana baada ya miezi sita. Lakini wengi wao walikuwa na lishe nzuri tangu mwanzo. Mgonjwa aliyekonda, nguo zinamvuka, asiyekula zaidi ya vijiko vitatu, huyo nampigania aongezewe, kwa kopo au kwa sufuria.

Na sufuria yetu inatosha kuliko tunavyodhani. Mzee wa kilo 60 anahitaji protini gramu 60 hadi 72 kwa siku. Yai moja lina kama 6. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, wakikaushwa vizuri, takriban nusu ya uzito wao ni protini. Wasage, nyunyiza kwenye uji wa soya au kwenye maharagwe, asubuhi, mchana na jioni, usingoje bugali ya usiku peke yake. Waliotiwa chumvi waache, maana presha ndiyo iliyotuleta hapa. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza, na anayekunywa dawa ya kuzuia damu kuganda asile sombe (majani ya muhogo) nyingi leo, kesho akaiacha kabisa. Kabla ya yote, mkalishe wima umpe kijiko cha maji. Akikohoa, au sauti ikawa na majimaji, usimlishe chochote kwa mdomo hadi apimwe.

Sasa kiti. Nilichukua kile cha plastiki cha sebuleni, nikakiegemeza ukutani. Tulimkalisha ukingoni, mguu dhaifu nikauvuta nyuma kidogo, kisigino chini, mkono wangu juu ya goti lile. Nikamwambia, "Mama, inama mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha sukuma ardhi." Kijana akakimbilia kumvuta kwa mkono wa kulia. Nilimzuia upesi. Misuli ya bega lililopooza haina nguvu ya kulishikilia. Ukilivuta linaweza kuchomoka, na maumivu yake yanaweza kukaa miezi. Ninaona mabega hayo kila wiki, yote yameumizwa na watu wenye upendo.

Siku ile alisimama mara nne. Si nyingi, ila ubongo hujifunza upya kwa kurudia kitendo chenyewe. Wala msianze kwa papara saa zile za kwanza: mwaka 2015 utafiti wa AVERT, wenye wagonjwa 2,104, ulionyesha kwamba kumwamsha mgonjwa kwa nguvu na mara nyingi ndani ya saa 24 hupunguza nafasi yake ya kupona vizuri. Wiki tano si saa 24.

Makopo mawili ambayo hayajafunguliwa yamerudishwa dukani. Jana nilikuta uji wa soya na sambaza jikoni, kiti bado ukutani, na mama akihesabu kwa sauti kwa Mashi, lugha yake. Alifika kumi na moja, akaomba maji, akataka tuendelee.