Ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa: si pumu, wala si uzee

Bibi yangu wa Newala alikohoa kila alfajiri kwa miaka mingi. Nyumbani tulisema ni pumu, majirani wakasema ni uzee. Makohozi yake yalipimwa kifua kikuu zaidi ya mara moja, hakuonekana nacho, akapewa dawa ya kikohozi na kurudi nyumbani. Jina la ugonjwa wake tulilisikia wakati hawezi tena kutoka chumbani hadi uani bila kusimama njiani: ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa.

Hewa tunayovuta hupita kwenye mirija inayogawanyika na kuzidi kuwa myembamba, hadi kwenye vifuko vidogo ambamo oksijeni huingia kwenye damu. Moshi ukipita humo kila siku kwa miaka, mirija huvimba na kujaa ute, na kuta za vifuko huharibika, vikalegea. Shida kubwa ya mgonjwa ni kuitoa hewa. Iliyotumika hubakia ndani, mpya ikakosa pa kukaa. Pumu mara nyingi huanza utotoni, hubana na kuachia. Huu huanza ukubwani na mbano wake hauachii kabisa.

Sigara ndiyo inayotajwa kwanza, na ni kweli. Lakini bibi hakuwahi kuvuta. Alipika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha, na msimu wa korosho alizichoma kwenye bati ili azibangue. Aliyewahi kukaa karibu na bati lile anaujua moshi wa mafuta ya maganda, unavyowasha macho na koo. Vumbi na kemikali za kazini nazo huchangia, kwa hiyo anayepulizia salfa kwenye mikorosho avae barakoa. Kifua kikuu kilichopona pia huweza kuacha mapafu na makovu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021, na bado vijijini kwetu unaitwa uzee. Hilo linaniuma.

Kipimo chake ni kupuliza kwa nguvu kwenye mashine inayopima hewa inayotoka. Si kila kituo kinayo. Uliza hospitali ya rufaa.

Mapafu yaliyoharibika hayarudi kama zamani, ila uharibifu unaweza kupunguzwa kasi. Kwanza ni kuukimbia moshi: kuacha sigara, kuhamishia mafiga nje, kutumia gesi kwa anayeimudu. Dawa ya kuvuta, kama salbutamol, hutanua mirija, lakini wengi hubonyeza kwanza ndipo wavute, dawa ikaishia mdomoni. Mwombe nesi akuone ukivuta. Makohozi yakiongezeka na kugeuka rangi, au pumzi ikiwa fupi kuliko kawaida, nenda kituoni siku hiyo hiyo. Midomo ikiwa ya bluu au kijivu, usingoje kukuche.

Bibi alifundishwa pia kupumua: avute kwa pua, kisha abane midomo na kutoa pumzi polepole, kama anayepooza uji. Mafiga tulimwekea chini ya mwembe, na mabati upande wa upepo. Kikohozi hakikuisha, lakini alirudi kufika uani kwa miguu yake, akipooza uji wake njia nzima.