Jina la ukoo kwenye ngome si hati ya kumiliki

Wengi huamini kwamba ngome ya kale ya Uskoti yenye jina la ukoo wa kilodi ni mali ya mkuu wa ukoo huo, hasa akiwa bado anaishi humo. Ni rahisi kuamini hivyo: picha za mababu ziko ukutani, na usiku taa za ghorofani zinawaka.

Lakini ngome kadhaa zilishakabidhiwa wadhamini, yaani watu wanaoshika mali kwa faida ya wengine, pamoja na mashamba yake. Kwa sheria za Uskoti amana, yaani mpango huo wa kushika mali, haihesabiwi kuwa mtu, hivyo hati huandikwa kwa majina ya wadhamini, ikitajwa kwamba wanashika mali kwa nafasi hiyo. Mali hiyo haichanganyiki na zao binafsi. Mdhamini akifilisika, wanaomdai hawaigusi. Familia yaweza kubaki kama wapangaji tu.

Ukitaka kuhakiki, fungua daftari la ardhi lililoanza 1981, usome sehemu B ya kumbukumbu ya mali hiyo, penye jina la mmiliki. C ni rehani, D masharti. Usipoiona mali hiyo humo, usihitimishe haraka: shamba lisilouzwa kwa vizazi huenda bado liko kwenye daftari la zamani, la tangu 1617, linalohifadhi hati bila ramani moja ya pamoja.