Himaya ya paka ni nini?

Unarudi jioni, hujavua hata viatu, paka anakuja kukusugua miundi: kwanza shavu, kisha ubavu, mwisho anamalizia na mkia. Wengi husema ana njaa, au anakaribisha. Inawezekana. Lakini kuna kazi nyingine anayoifanya hapo, nayo ni kukupaka harufu yake. Umeshinda mjini, umebanana na watu kwenye daladala, umerudi unanuka kila kitu isipokuwa nyumbani. Yeye anakurudisha kwenye himaya yake.

Himaya ni ulinzi, na pia ni eneo lililo chini ya ulinzi wa mtu. Kwa wanyama, neno hilo hutumika kwa eneo ambalo mnyama analihesabu kuwa lake, analiwekea alama na yuko tayari kulitetea, hasa dhidi ya wanyama wa aina yake. Himaya ya paka haina ukuta wala hati. Imechorwa kwa harufu. Wewe unaijua sebule yako kwa kuiona. Paka anaijua kwa kuinusa, na ukihamisha kabati au ukileta zulia jipya utamwona anazunguka anakagua kama mwenye nyumba aliyekuta mpangaji asiyemjua.

Vifaa vyake vya kuchorea ramani hiyo amezaliwa navyo. Ana tezi za harufu mashavuni, kidevuni, kwenye paji la uso, penye shina la mkia na baina ya vidole. Kwa hiyo anapoparura mguu wa kochi, hanoi kucha tu. Anaacha alama mbili kwa mpigo: mikwaruzo ya kuonekana kwa macho na harufu iliyotoka vidoleni. Ukimpiga ndala hapo hajifunzi kwamba kochi ni ghali. Anajifunza kuparura ukiwa haupo. Mpe gogo lililozungushiwa kamba ya katani, tena uliweke karibu na kochi hilohilo. Watu hukosea hapa: gogo wanalipeleka uani, nyuma ya tangi la maji, halafu wanashangaa halitumiki. Alama huwekwa panapopitwa. Nani anabandika tangazo lake nyuma ya tangi?

Kwa nini ahangaike hivyo? Paka wa nyumbani ametokana na pakapori wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama anayewinda peke yake. Mwindaji wa peke yake akiumia mguu katika ugomvi, hakuna mwenziwe wa kumletea panya. Bora basi kuacha ujumbe wa harufu, mwingine aupitie, aunuse, ajue nani kapita na lini, wakwepane. Paul Leyhausen, mtaalamu wa Ujerumani aliyewachunguza paka miaka mingi, aliona kwamba paka wa jirani huweza kutumia njia moja kwa zamu, huyu asubuhi, yule jioni, bila kukutana. Ndiyo maana mtaa mmoja unaweza kuwa na paka wengi na usiku mwingi ukapita kimya. Na chakula kikiwa tele, mipaka hulegea zaidi. Nenda panaposhushwa samaki, Lamu au kwingineko pwani, utakuta kundi zima limekaa pamoja likisubiri matumbo, mara nyingi majike wa ukoo mmoja na watoto wao.

Penye shida hasa ni kuhama.

Shangazi yangu alihama Magomeni kwenda Manzese, hapohapo Dar es Salaam. Paka wake alitiwa kwenye gunia, ili asione njia, akafunguliwa mlangoni mwa nyumba mpya na kupewa dagaa. Usiku wa pili hakuonekana. Siku ya nne tukapigiwa simu: amekaa kizingitini kwa nyumba ya zamani, watoto wa wapangaji wapya wanamfukuza, haondoki. Wahenga walishasema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi. Shangazi alichukia kabisa. "Huyu anapenda nyumba kuliko mimi," akasema. Mimi nilimtetea paka, na bado namtetea. Kumpenda shangazi alimpenda. Ila Manzese palikuwa hapana hata kona moja yenye harufu yake, na huko nje kulishakuwa na himaya za paka wengine. Gunia halisaidii kitu, maana paka hategemei macho peke yake kujua njia ya kwao.

Mara ya pili tulifanya inavyotakiwa. Chumba kimoja, mlango umefungwa, maji, chakula, boksi la mchanga, na khanga chafu ya shangazi ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuifua. Wiki tatu. Siku za mwanzo alijificha chini ya kitanda. Kisha akaanza kusugua kidevu kwenye kona ya mlango, kwenye mguu wa stuli, kwenye ndoo. Hapo ndipo chumba cha pili kilipofunguliwa, na uani baadaye sana, kabla ya mlo wake, akiwa na njaa ya kumrudisha ndani.

Halafu kuna mkojo, ambao ndio huwafanya watu waseme paka huyu hana adabu. Paka anayejisaidia kawaida huchuchumaa na kufukia. Anayeweka alama husimama, anageuzia ukuta mgongo, mkia juu ukitetemeka, na kurusha mkojo kidogo kwa nyuma. Madume ambao hawajahasiwa ndio hodari wa hilo, ingawa jike pia anaweza. Kumhasi dume kwa daktari wa mifugo huondoa au hupunguza sana tabia hiyo kwa takriban madume 9 kati ya 10. Asiyeacha, tafuta kinachomtisha: pengine paka mgeni anayechungulia dirishani, au paka wawili ndani wanaogombea boksi moja. Kanuni ni boksi moja kwa kila paka, na moja la ziada.

Kusafisha nako kuna mtego. Usitumie dawa yenye amonia, kwa sababu mkojo wenyewe unanuka amonia na atadhani kuna mpinzani. Usimwage jiki juu ya mkojo pia, maana mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu kwako na kwake. Tumia sabuni ya unga ya kufulia yenye vimeng'enya (enzymes), suuza, acha pakauke. Na zile kona alizosugua shavu ziache hivyohivyo. Ukizisugua kila Jumamosi unamfutia ramani, naye ataichora upya, pengine kwa mkojo.

Ila si kila mkojo nje ya boksi ni habari ya himaya. Paka dume akiingia na kutoka kwenye boksi mara nyingi, anajikamua, analia, anajiramba sehemu za siri na hakuna kinachotoka au ni tone tu, njia yake ya mkojo huenda imeziba. Hiyo inaweza kumuua ndani ya siku moja au mbili. Usimpe Panadol, ambayo kwa paka ni sumu hata kwa kipande kidogo. Mtie kwenye kikapu, mfunike, mpeleke kwa daktari wa mifugo usiku huohuo.